Zahanati Yako Huanzia Kwenye Mlolongo wa Kura

Jumanne, 9 Agosti 2022, mama mmoja wa miaka sitini na ushei aliletwa kwenye kliniki yangu kwa pikipiki, akiwa amebanwa kati ya vijana wawili ili asianguke. Alikuwa akitetemeka. Jasho lilimtiririka ingawa asubuhi za Agosti huku kwetu Kericho huwa na baridi kali, na maneno yake hayakueleweka. Vijana wale walidhani ni kiharusi. Nilipompima, nikakuta sukari yake imeshuka mno.

Kisa chenyewe hakikuwa na fumbo. Mama huyu alichuma majani chai kwa miaka mingi hadi magoti yakamshinda, na ana ugonjwa wa kisukari. Siku hiyo aliamka saa tisa za usiku, akameza tembe zake kama nilivyomwagiza, akaacha chai yake mezani ili awahi mlolongo, kisha akatembea hadi shule ya msingi alikoandikishwa kupiga kura. Ilipogonga saa nne asubuhi alikuwa bado amesimama. Tembe za aina ile zikiingia tumboni bila chakula kufuata, huwa hatari. Tulimtia glukosi kwenye mshipa, baadaye tukampa chai yenye sukari nyingi, akazinduka. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa hili: "Daktari, nani ananishikia nafasi yangu kwenye laini?"

Nilimkataza kurudi. Sukari iliyoshushwa na tembe hizo huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, na nilitaka awe karibu nami. Saa kumi na moja jioni vituo vilifungwa naye angali kitandani. Kama daktari, nilifanya ilivyopasa. Kama Mkenya mwenzake, jambo hilo lingali linanikera, kwa sababu nilijua alichokuwa akikifuata. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba zahanati ya wadi yake haina vijiti vya kupimia sukari, ndiyo maana hulazimika kulipa nauli kuja kwangu. Alitaka kumchagua mtu atakayeleta vijiti hivyo.

Kura ya wadi ni kura ya dawa

Msomaji unayesoma ukurasa huu mjini huenda ukaniuliza, siasa zinahusianaje na afya? Nakuomba uifungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Humo utaona kwamba vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, magari ya kubebea wagonjwa na huduma za afya ya msingi ni kazi ya serikali ya kaunti. Tangu uchaguzi wa 4 Machi 2013, anayeamua kama zahanati itapata muuguzi wa pili hayuko Nairobi. Ni gavana, pamoja na wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti yake. Kericho ina wadi 30 na Bomet ina 25. Kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya Longisa, na hospitali ya rufaa ya Kericho, mkoba ni wa kaunti.

Lakini siku ya kura mazungumzo yote huwa ni ya urais. Mwaka wa 2017 tulipiga kura tarehe 8 Agosti huku wauguzi wakiwa kwenye mgomo ulioanza Juni na kumalizika Novemba. Akina mama walikuta milango ya vyumba vya kujifungulia imefungwa katika kaunti nyingi. Wauguzi hao mwajiri wao alikuwa kaunti. Karatasi za kumchagua au kumkataa mwajiri huyo zilikuwa mikononi mwa wapigakura siku hiyo hiyo, lakini ni wangapi walizitazama kwa jicho hilo?

Mwaka wa 2022 Wakenya walioandikishwa walikuwa milioni 22.1. Karibu milioni 8 kati yao hawakupiga kura. Wako waliokata tamaa na siasa, na hiyo ni haki yao. Ila mimi huwaona kliniki wale wengine: aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani, aliyejifungua juzi, mzee asiyeweza kusimama saa tano, muuguzi aliyebaki wodini peke yake.

Mchuma chai na kituo cha mbali

Katika mashamba makubwa ya chai, tatizo lina sura nyingine. Wachumaji wengi walitoka Kisii, Nyamira, Vihiga na kwingineko. Wanaishi katika nyumba za kampuni, watoto wao huchanjwa huku na wake zao huzalia huku. Lakini wengi wameandikishwa kupiga kura kwao nyumbani, na sheria yetu inamtaka mtu apige kura kwenye kituo alichoandikishwa, si kwingine. Mtu anayelipwa kwa kilo akisafiri, hupoteza nauli pamoja na ujira. Akibaki, hana sauti kule kwao wala hapa.

Tusijifanye hatujui chanzo kimoja cha hali hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa kutoka mashamba haya. Aliyewahi kukimbia usiku na mtoto mgongoni hujiuliza mara mbili kabla ya kuliweka jina lake katika sajili ya huku. Kwa hiyo urahisi wa kupiga kura hauishii kwenye umbali wa kituo. Usalama pia ni urahisi.

Wanaopinga hoja hii husema kwamba anayeitaka kura ataifuata hata kwenye matope. Huenda ikawa kweli kwa kijana mwenye afya. Mama yule aliifuata, ikamfikisha kitandani. Wengine husema kwamba urahisi hufungua mlango wa wizi. Hao nawakumbusha mlolongo wa 1988, wakati wapigakura wa mchujo wa KANU walipangwa mistari nyuma ya wagombea au picha zao. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa msimamizi, bila karatasi wala sanduku, lakini kwa mpigakura ilikuwa mtihani, maana chifu na mwajiri walimwona amesimama wapi. Urahisi ninaoutetea ni wa mpigakura. Kumsogezea mama kituo au kumpa kiti hakumzuii karani kuhakiki alama za vidole vyake.

Wala si ndoto ya daktari tu. Nchini Brazil, zamani mpigakura alitakiwa kuandika jina au nambari ya mgombea kwenye karatasi. Wenye elimu ndogo walikosea na kura zao nyingi zikatupwa. Mwaka wa 1998 mashine zenye vitufe na picha za wagombea zilitumiwa katika miji yenye wapigakura zaidi ya 40,500, na kufikia 2002 zikaenea nchi nzima. Mtaalamu wa uchumi Thomas Fujiwara alichunguza matokeo na kuyachapisha mwaka wa 2015. Kura zilizoharibika zilipungua sana. Majimbo yakaongeza fedha za afya. Akina mama wenye elimu ndogo wakahudhuria kliniki za wajawazito mara nyingi zaidi, na watoto wao waliozaliwa na uzani mdogo wakapungua. Maskini alipohesabiwa, mtoto wake alinenepa.

Karatasi zetu tayari zina picha na alama za vyama. Kinachotukwamisha ni umbali, muda na hofu. Kifungu cha 83 cha Katiba kinasema mipango ya uandikishaji na uchaguzi iwe ya kumsaidia raia kupiga kura, si ya kumnyima. Basi Tume ya Uchaguzi ipeleke uandikishaji penye watu: vituo vya kununulia majani, kambi za wafanyakazi, siku za soko. Kila kituo kiwe na viti, maji na mstari wa wagonjwa, wazee na wajawazito unaotangazwa kwa sauti, maana wazee wetu huona haya kuomba. Waajiri watoe siku nzima bila kukata ujira. Na hospitali zipange zamu ili kila muuguzi apate saa mbili za kwenda kituoni.

Kwa wagonjwa wangu

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kama unaishi Kericho lakini umeandikishwa kwingine, sheria inakuruhusu kuhamisha kituo. Nenda ofisi ya tume mapema, kwa kuwa uandikishaji husimamishwa uchaguzi unapokaribia.

Siku yenyewe, mwenye kisukari asimeze dawa bila kula. Beba chakula, maji na peremende mfukoni. Mwenye shinikizo la damu asiache tembe zake kwa kuogopa kwenda haja akiwa mlolongoni. Mjamzito, mwambie karani hali yako bila haya. Asiyeona au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemwamini, mtu mzima, na msaidizi huyo humsaidia mpigakura mmoja tu. Na ukiwa tayari kwenye mlolongo saa kumi na moja jioni, usiondoke. Una haki ya kupiga kura.

Mama yule bado huja kliniki kila mwezi. Zahanati yao ingali haina vijiti. Mara ya mwisho aliniuliza kama mwaka wa 2027 nitamkataza tena. Nilimwambia kwamba safari hii nitampitia nyumbani mwenyewe, ila kwanza lazima nimwone akinywa chai yake.