Taj Mahal si Fakhari ya Uislamu

Ndugu zangu Waislamu, aghlabu mtu huingia katika nyumba zetu za pwani akakuta ukutani, ubavuni mwa Ayatul Kursiyyu, picha ya jengo jeupe lenye kuba na minara minne. Mwenye nyumba akiulizwa atasema ni Taj Mahal, na wapo wanaoongeza kuwa hiyo ndiyo fakhari ya Uislamu katika Bara Hindi. Neno hili silikubali.

Jengo lile ni kaburi. Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, alifariki mwaka 1631 katika mji wa Burhanpur, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza Agra, kando ya mto Yamuna. Sisi wafuasi wa Imam Shafii twasoma tangu chuoni kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa juu yake. Ikiwa chokaa imekatazwa, je, marumaru iliyonakishiwa kwa vito? Simtoi Shah Jahan katika dini, hasha. Msikiti wa Ijumaa wa Delhi ni kazi yake, na Waislamu wanasali humo hadi leo. Nasema tu kwamba kitu ambacho dini yenyewe imekichukia hakiwezi kuwa fakhari yake.

Na hilo la kaburi si kubwa. Kubwa ni njaa. Tangu 1630 hadi 1632 nchi za Gujarat na Deccan zilipatwa na njaa kali mno, watu wakafa njiani bila wa kuwazika, na mfalme alikuwa huko huko Burhanpur na jeshi lake. Tusimdhulumu: alifungua majiko ya kulisha maskini, akasamehe sehemu ya kodi, na imeandikwa kuwa kila Jumatatu kwa muda wa wiki 20 ziligawiwa rupia 5,000 mjini hapo, na nyingine 50,000 zikagawiwa Ahmedabad. Jumla ni rupia 150,000. Kisha Abdul Hamid Lahori, mwandishi wa baraza la mfalme huyo huyo, ametaja gharama ya kaburi kuwa rupia 5,000,000, na wako wanaosema hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Haya, shika kalamu ugawanye mwenyewe.

Nitaambiwa, “Sheikh, wewe huna jicho la uzuri.” Jicho ninalo. Tutoke Agra twende upande wa mashariki mpaka Lucknow, mji wa manawabu wa Awadh. Mwaka 1784 huko nako kulikuwa na njaa, na Nawab Asaf-ud-Daula akaanzisha ujenzi wa Bara Imambara, jumba ambamo ndugu zetu Mashia hukusanyika mwezi wa Muharram kumkumbuka Sayyidna Hussein. Sisi Masunni hatuna ada hiyo, na khitilafu yetu juu yake si mlango wa leo. Nawab alitaka watu wapate kazi, na kwa kazi wapate chakula. Ujenzi ukaendelea mpaka 1791. Wenyeji husimulia kuwa waungwana waliofilisika, ambao waliona haya kuonekana mchana wamebeba matofali, waliwekewa kazi ya usiku, gizani, ili asijulikane nani ni nani. Sura ya Baqara imewataja fukara wa namna hii, ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba.

Humo hamna marumaru. Ni matofali membamba na chokaa tu. Fundi wake anatajwa kuwa ni Kifayatullah wa Delhi. Ukumbi mkuu una urefu wa mita 50 hivi na upana wa mita 16, na dari yake iko juu kiasi cha mita 15, haina nguzo katikati, wala chuma, wala boriti. Sisi watu wa pwani, ambao upana wa vyumba vya wazee wetu ulikuwa ukipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, tungestahili kustaajabu kuliko wote. Juu ya dari hiyo fundi alipitisha vichochoro vingi vinavyopindana, waviita Bhulbhulaiya, ambavyo mgeni hupotea ndani yake. Kumbe vichochoro hivyo ndivyo vinavyopunguza uzito wa paa.

Waingereza wengi walioizuru Lucknow waliyacheka majengo yake kuwa ni plasta tupu. Mwaka 1856 waliinyakua Awadh, na baada ya uasi wa 1857 wakabomoa sehemu kubwa ya mji ili kupasua barabara pana za kupitisha askari, na Imambara yenyewe wakaifanya kambi. Plasta hiyo imesimama mpaka leo.

Atakayenijibu kuwa Asaf-ud-Daula naye alikuwa mtu wa israfu, amesema kweli. Alipenda anasa, na mali ya mama yake na bibi yake ilichukuliwa kwa nguvu katika utawala wake, kwa kusukumwa na Kampuni ya Waingereza. Tena alipofariki mwaka 1797 alizikwa ndani ya ukumbi ule ule, jambo ambalo nalikataa kama ninavyolikataa la Agra. Lakini ukumbi huo ulikuwa umekwisha kulisha watu kabla yeye hajaingizwa chini ya sakafu yake, na katika msikiti alioujenga kando yake, uitwao Asafi, Ijumaa inasaliwa hadi hii leo.