Tamaa ya Visiwa Vitatu

Imeenea baina ya watu wetu wa Kitale na Bungoma, hususan walimu na makarani wanaoingojea likizo ya Agosti tangu mvua za masika, dhana kwamba mtu mwenye siku chache na akiba haba hana budi kuzikusanya nchi nyingi katika safari moja. Na kwamba, madhali Ziwa Victoria limezungukwa na Kenya, Uganda na Tanzania, na kila moja ya nchi hizo imejaaliwa visiwa vyake, ni upumbavu kufunga safari pasipo kuvipitia Mfangano, Ssese na Ukerewe kwa mkupuo mmoja. Dhana hii ni batili, na wanaoieneza, hata wakiwa na nia njema, wanawapotezea wenzao likizo.

Ubatili wake unaanzia kwenye ramani. Karatasini visiwa hivyo huonekana majirani, mtu akadhani kwamba akishatia mguu majini atavipitia kimoja baada ya kingine bila kurudi nchi kavu. Lakini hakuna kivuko kitokacho Mfangano kwenda Ssese, wala kitokacho Ssese kwenda Ukerewe; kila kisiwa kinaelekeana na gati za nchi yake, na anayetaka kwenda cha pili sharti arejee bara, apande basi, avuke mpaka, kisha aanze upya kutafuta chombo. Hata zama za meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 ikizizunguka bandari za Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977 na mali zake kugawanywa, abiria alishushwa katika bandari za bara. Alhasili, safari hii inayoitwa ya visiwa, ukiipima kwa saa, ni safari ya mabasi.

Tuichukue Ssese peke yake. Kivuko MV Kalangala, kwa ratiba yake ya desturi, huondoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, saa nane mchana, hufika Lutoboka baada ya saa tatu na nusu hivi, na hurejea kesho yake saa mbili asubuhi. Mwalimu wa Kanduyi aliyejipangia usiku mmoja tu hapo, kwa kuwa Ukerewe inamngoja, atashuka gatini jua likielekea kutua, atafute chumba, ale samaki wake, alale, na kunapopambazuka awe amekwisha kusimama foleni ya kurudi, begi mgongoni. Huyo amekiona kisiwa gizani. Naye akifika Bungoma atasimulia kwamba Ssese anaijua.

Watetezi wa dhana hii wanayo hoja moja isiyostahili kudharauliwa: kwamba likizo ni adimu, mshahara ni mdogo, na aliyekwisha kulipa nauli ya kutoka Kitale hadi ziwani hana yakini ya kupata fursa nyingine, hivyo afadhali aonje kila kitu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau nauli ingalikuwa ya kulipwa mara moja. Lakini kila kisiwa kina nauli yake ya kwenda na ya kurudi bara. Tena kitambulisho cha taifa, kinachomtosha Mkenya kuingia Uganda, hakimtoshi Tanzania, ambako ataulizwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kila nchi anayoiongeza inamla siku moja au mbili, naye huzitoa katika siku za kukaa, kwa maana siku za njiani hazipunguziki.

Na kukaa ndiko kunakofundisha. Rusinga, jirani ya Mfangano iliyoungwa na Mbita kwa daraja, ndiko alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ndiko Mary Leakey alikovumbua, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, sokwe wa dahari aliyekwisha kutoweka. Mfangano, kwa wenye subira ya kupanda mlima, kuna michoro ya kale katika miamba ya Kwitone na Mawanga. Ama Ukerewe, huko ndiko Aniceti Kitereza alikoikamilisha, mwaka 1945, riwaya yake kwa Kikerewe, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, isichapishwe hadi miongo zaidi ya mitatu baadaye, karibu na kifo chake mwaka 1981. Kisiwa cha mtu aliyesubiri zaidi ya miaka thelathini kitabu chake kichapwe, mgeni anakitengea usiku mmoja!

Fauka ya hayo, ratiba iliyobanwa humnyang'anya msafiri uwezo wa kusema, "Nitangoja kesho." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichopakia watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na Ukara, jirani ya Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 220. Aghalabu mwenyeji anayekwenda gulioni hana chombo kingine cha kuchagua. Mgeni wa starehe anayo hiari ya kukikataa kilichojaa. Lakini hiari hiyo huiuza siku ileile anapopanga safari isiyo na siku ya akiba.

Mkulima wa Trans Nzoia akijisifu kwa ekari alizolima pasipo kutaja magunia aliyovuna, soko zima la Kitale litamcheka. Mbona msafiri anayehesabu mihuri ya mpakani tunamshangilia?

Nasaha yangu ni nyepesi. Mwenye juma moja achague nchi moja na kisiwa kimoja, alale humo siku tatu au nne, aache siku ya akiba kwa ajili ya dhoruba na injini mbovu, na usiku wa mwisho wa likizo alale kwake. Akitoka Bungoma, na aanze na Mfangano, isiyohitaji kuvuka mpaka. Ssese aiweke Desemba, na Ukerewe mwaka ujao, pasipoti ikiwa mkononi. Na wenzake katika chumba cha walimu watakapomwuliza amezunguka visiwa vingapi, ajibu bila haya kwamba ni kimoja, kisha awaulize wao, waliozunguka vitatu, wamtajie japo jina la mtu mmoja waliyezungumza naye huko.