Daftari la Wiki: Mizuka Isiyoondoka

Kila ikitajwa filamu ya *His House*, swali ni lilelile: mbona mwishoni mizuka bado imejaa ndani? Wiki hii nalijibu. Ambaye hajaitazama, aitazame kwanza.

*

Filamu hiyo ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Remi Weekes, inawahusu Bol na mkewe Rial, wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza. Nyagak, tunayemdhania kuwa binti yao, alizama baharini. Karibu na mwisho ukweli unafichuka: kwenye basi la kukimbia vita wenye watoto walikuwa wakipewa nafasi, na Bol akamnyakua mtoto wa watu akisema ni wake. Mama mzazi akaachwa nyuma, analia, risasi zinarindima.

Rial ana kisa cha maskini aliyeiba ili ajenge, akamwibia apeth, mchawi wa usiku, bila kumjua. Nyumba ilipokamilika, apeth naye akahamia humo. Ndiyo habari ya Bol mwenyewe, anayetoboa kuta kwa nyundo kumsaka adui aliyekuja naye.

Apeth anadai roho ya Bol kwa roho ya mtoto, na Bol anakubali kulipa. Rial angeweza kumwacha afe ampate Nyagak. Badala yake anamkata apeth koo. Mchawi anakufa, wafu wanabaki. Bol anawaeleza maofisa waliowapa nyumba kwamba mizuka humfuata mtu na kuishi naye, kisha tunawaona yeye na Rial katikati ya umati wa marehemu, Nyagak akiwemo. Naamini apeth alikuwa adhabu, na adhabu huisha. Wafu wana haki ya kukumbukwa, na haki hiyo haiishi.

*

*The Babadook* (2014), ya Jennifer Kent, inafuata njia hiyohiyo. Amelia alifiwa na mume siku aliyojifungua Samuel. Mwishoni anamfanyia mwanawe sherehe ya kuzaliwa siku yenyewe, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na anateremka chini ya nyumba na bakuli la minyoo kumlisha Babadook, zimwi lililowatesa. Msiba hauuawi, hutunzwa mahali pake.

*

Katika *The Others* (2001), ya Alejandro Amenábar, Grace anatambua kwamba mizuka ya nyumba yake ni yeye na wanawe, aliowaua kwa mto wa kulalia. Akishakiri, watoto, waliokuwa wakifichwa wasiguswe na mwanga, wanasimama juani bila kudhurika. Hapa pia mizuka inabaki nyumbani.

*

Tumezoea filamu ambamo pepo hukemewa, nyumba ikatulia, watu wakalala. Mwisho wa namna hiyo humsahau aliyedhulumiwa. Mama yake Nyagak hakurudishiwa mwanawe wala hakuombwa radhi. Weekes angewafukuza wafu wale, angemdhulumu mara ya pili.