Kabla ya kulaumu rezo, angalia ruta iliyochomekwa ukutani

Katika ofisi nyingi za Goma, intaneti ikikatika lawama huenda kwanza kwa SNEL, kisha kwa kampuni ya simu. "Rezo iko mubaya leo," watu husema na kutoka nje kungojea. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna siku adui yuko ndani, katika karuta kadogo kalikonunuliwa Birere.

Chumba cha mwisho hakipati Wi-Fi. Mfanyakazi analeta ruta yake, anachomeka waya wa ofisi kwenye tundu lisilofaa. Ruta inaanza kugawa anwani kwa kompyuta za jengo zima, kazi ambayo ni ya mashine moja tu iliyochaguliwa. Utaratibu huo wa kugawa anwani, DHCP, ulitangazwa mwaka 1993, na kwa kawaida hauulizi, "Wewe ni nani?" Kompyuta inaomba anwani kwa sauti, na mara nyingi inamfuata wa kwanza kujibu.

Aliyekosea bila kukusudia anasimamisha kazi, basi. Mwenye nia mbaya anakupa anwani inayofanya kazi vizuri, ila anajitaja yeye kuwa mlango wa kutokea. Kila kitu kinapita kwake. Mei 2024, watafiti wa Leviathan Security ya Marekani walionyesha kwamba kupitia DHCP hata VPN nyingi zinaweza kuzungukwa. Simu za Android ziliponea kwa sababu hazifuati agizo lile lililotumiwa.

Sasa fikiria mji wetu. Kuna ofisi zinazohifadhi majina ya waliohama makwao, ya wanawake waliobakwa, ya mashahidi. Sisi waandishi wa habari tuna namba za watu waliotuamini. Jina likishatoka, halirudi.

Dawa ipo, wala si ngeni. Swichi zinazoweza kupangwa na fundi huambiwa: majibu ya DHCP yapokewe kutoka tundu hili tu, lenye seva, yakitoka kwingine, yatupwe. Swichi ya bei ya chini kabisa haina uwezo huo, na ndiyo inayonunuliwa. Nimechoka kusikia wakuu wakisema hakuna bajeti huku jeep mbili zimesimama uani.

Kukataza ruta peke yake hakutasaidia. Mtu aliileta kwa sababu alikosa Wi-Fi. Basi apelekewe, na fundi azime DHCP ya ruta hiyo kabla ya kuichomeka. Matundu yasiyotumika yafungwe. Sheria ya kidijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Wafadhili wanaodai hesabu ya kila lita ya mazutu wangeweza kuuliza pia nani anagawa anwani.

Wewe unayetumia Windows, andika leo ipconfig /all, utafute mstari wa seva ya DHCP, kisha umuulize fundi wenu kama namba ile ni yake.