UNATAKA KUANDIKA MAISHA YAKO? ACHA FIKSI!

Wiki hii naongea na wale washikaji ambao kila tukionana kijiweni wananing'ang'ania: "Na mimi nataka kuandika stori ya maisha yangu watu waisome, nianzie wapi?"

Anzia pale unapoona aibu kidogo.

Maana wengi wetu tukishika kalamu tu tunaanza kuzuga. Mtu amepanga chumba kimoja Manzese, maji ananunua kwa ndoo, lakini ukisoma alichoandika utadhani kazaliwa Masaki. Mapenzi yake yote yako ufukweni, tena jua likizama! Sasa msomaji wako naye anatoka Manzese hiyo hiyo. Atasoma mistari mitatu, atacheka, karatasi ataifungia maandazi. Mwandikie jinsi ulivyomdanganya mgeni kwamba umeshakula ili ubwabwa umtoshe yeye. Hapo atakaa chini, kwa sababu hata yeye alifanya hivyo juzi.

Ukiona maneno hayaji, andika kama barua kwa mtu mmoja unayemwamini. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Barua zile za kuanzia 1931 hadi 1958 zikaja kutoka kitabu. Huwezi kumpiga fiksi ndugu yako, anakujua mpaka kaptula ulizovaa.

Halafu mcheki marehemu Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971, hakuisingizia kijiji cha watu wa mbali. Familia ya Rosa aliiweka Namagondo hapo hapo! Akamwandika baba mlevi anayempiga binti yake kwa barua ya mvulana, akaandika na mambo ya kutoa mimba, vitu ambavyo watu walikuwa wananong'ona tu uani. Kasheshe lake si mchezo, kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado kinasomwa.

Lakini Kezilahabi alikuwa na pa kujificha, Rosa ni mtu wa kubuni. Wewe unayeandika "mimi" huna hiyo nafasi, na mama yako je? Hakuomba kuwemo.

Dada mmoja wa mtaani kwetu aliniletea kaunta buku lake nilisome. Kaandika juu ya kaka yake aliyefariki. Msibani ilisemwa malaria. Yeye kaandika UKIMWI, wazi kabisa, na jina la marehemu juu. Akaniuliza, "Kaka, niache hivi hivi?"

Nikamwambia zile usiku za kufua mashuka na kumbeba kaka mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari ni zake, aziandike zote. Ugonjwa ni siri ya marehemu. Akanikatalia palepale. "Hiyo siri ndiyo iliyomchelewesha kupima. Dawa zilikuwepo, tena bure. Niifiche na mimi?"

Nilikosa la kumjibu, na kwa kweli mpaka leo sina. Nilichomwambia ni kwamba kabla hajamwonyesha mtu mwingine, amsomee mama yake.

Akamsomea, jioni, wakiwa wawili tu. Mama alisikiliza mpaka ukurasa wa mwisho bila kusema neno. Kisha akasema jina la ugonjwa libaki, jina la mtoto wake litoke. Na ile sehemu ya malaria ibaki pia, maana yeye ndiye aliyewaambia watu hivyo.

Dada sasa hivi anaandika upya. Akiniruhusu, wiki moja nitawapa kipande hapa hapa.