Bustani ya jirani si barabara ya watu wote



Sisi wa timu ya gazeti hili tumepeleka vikundi vingi kutembelea bustani za wanamemba wenzetu. Tunazipenda hizo ziara. Mkulima anaamini jicho kuliko sikio. Unaweza kumufundisha mtu juu ya mboji mara tano na asifanye kitu, lakini siku anaona lenga-lenga ya jirani imenenepa, kesho yake anachimba shimo.

Ila leo tunapashwa kusema ukweli. Namna tunafanya ziara hizi haiko nzuri, na kosa la kwanza ni letu.

Kuna mama moja katika teritware ya Kabare mwenye bustani nyuma ya nyumba: shu, vitunguu, biringanya, marakuja kwenye uzio, na migomba upande wa chini. Siku moja tulimupelekea watu karibu arobaini. Tulimujulisha jana yake magaribi. Mama aliacha kazi yake siku nzima, akaazima viti kwa majirani, akachemsha viazi, akakopa sukari ya chai. Watu walikanyaga miche ya vitunguu. Bengine waliomba mbegu, bengine hawakuomba. Mmoja alitosha panga, akakata chipukizi la mgomba, na mwenzake akaazima panga ile ile akakata la pili. Tukapiga picha, tukasema aksanti, tukaenda. Mama akabaki na deni ya sukari.

Kisha miezi michache, migomba ya upande ule ilianza kunyauka. Hatuwezi kusema ni sisi tulileta ugonjwa. Hakuna mtu anaweza kuhakikisha. Lakini ile panga tuliiona kwa macho yetu, na hatukusema neno.

Ugonjwa huo wote tunaujua huku Kivu. Ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa umefika mahali pengi. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani zinaoza, na ukikata shina linatoa maji mazito ya manjano. Unatembea kwa njia tatu: wadudu wanaotua kwenye ua la ndizi, machipukizi yanayotoka kwenye shamba lenye ugonjwa, na panga iliyokata mgomba mgonjwa kisha ikakata mzima. Wageni arobaini kutoka vijiji kumi, kila mtu na panga yake, wanaweza kuharibu kwa saa moja kile familia imejenga kwa miaka. Na muhogo uko vile vile: fimbo ya muhogo unayobeba bila kujua afya yake inaweza kuleta michirizi na mozaiki kwenu.

Sasa, tuache ziara? Hapana. Tuzipange, na wageni walipe.

Tunajua neno hilo la kulipa litaleta kelele. Basi tuwaelezee jambo moja la kweli kutoka mbali. Uingereza, mbele ya serikali yao kuchukua kazi ya afya mwaka 1948, manesi waliokuwa wanatembea nyumba kwa nyumba kutunza wagonjwa walitegemea sana michango ya watu. Mama moja, Elsie Wagg, alitoa wazo: wenye bustani nzuri wazifungue kwa watu, kila mgeni alipe shilingi moja, na makuta iende kwa kazi ya manesi. Mwaka 1927 bustani 609 zilifunguliwa, na zikapata zaidi ya paundi 8,000. Desturi ile haikukufa. Mpaka leo bustani zaidi ya 3,000 za watu binafsi zinafunguliwa kule, na feza inasaidia manesi na wagonjwa wa kansa. Kikundi kikitaka kwenda peke yake, kinaandika mbele na kupatana siku na mwenye bustani. Wageni wanalipa mlangoni, wananunua chai, wananunua miche. Hakuna anayeingia na panga.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya wazungu wenye maua, sisi tunalima chakula. Ni kweli tunatofautiana, na tofauti ya kwanza ni hii: wengi wa wale wenye bustani hawali kutoka ile bustani. Wanaweza kutoa feza yote kwa wagonjwa na bado jioni wakakula. Mama wetu wa Kabare, akipoteza siku moja, amepoteza chakula ya watoto. Kwa hiyo hatusemi tuige yote. Tunachukua wazo, tunalikata kwa kipimo chetu.

Wazo letu ni hili. Mgeni anayetoka koperative ingine alipe franka 1,000. Watu wasipite thelathini. Wakijaa, ni franka 30,000. Kwanza 10,000 zibaki kwa mwenye bustani, juu ya siku yake na chai yake. Zile 20,000 ziingie katika sanduku ya mshikamano ya kijiji kile, kwa ajili ya wagonjwa na mama wanaozaa. Zihesabiwe pale pale mbele ya wote, ziandikwe katika daftari, na mwenye bustani atie sahihi. Feza isipite mikononi mwetu sisi wa shirika, hata franka moja.

Mwenye bustani ndiye anachagua siku, na ajulishwe juma moja mbele. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mgeni ni mkubwa amekuja na jeep. Panga zote zibaki kwenye uzio. Kama kuna kazi ya kukata, itumike panga moja ya mwenyeji, ipitishwe kwenye moto au kwenye maji ya javeli kila mgomba unapokwisha. Machipukizi na fimbo zisibebwe siku ya ziara. Mbegu ya mboga iuzwe na mwenyeji kwa bei yake.

Wengine watauliza: na maskini asiye na 1,000, asijifunze? Swali hilo ni la haki. Masomo ya shamba-shule yanabaki bure kwa kila mwanamemba, na jirani anayepita kuuliza dawa ya wadudu hatamulipa mtu, kwa sababu ujirani hauuzwi. Tunaongea juu ya vikundi vinavyotoka mbali. Na kikundi kinaweza kulipa kwa mikono: salongo ya saa mbili kwa mwenyeji, kupalilia au kubeba samadi, majembe yakioshwa matope kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo mama mmoja alituambia mbele ya komite, na hatukupata jibu: « Munasema bustani yangu iko mfano, lakini mfano haunilipie santi mtoto akigonjwa. » Tangu siku ile tunaona haya kuandika « bustani ya mfano » katika ripoti zetu. Kama kweli iko mfano, basi isaidie kijiji chake kwanza, na mwenyewe asitoke mikono mitupu.

Sisi tumeanza. Deni ya sukari tumelipa, kwa kuchelewa. Na hatutapeleka kikundi chochote kwa bustani ya mtu kama mpango huu haujajadiliwa na komite ya kijiji. Zungumzeni katika mkutano wenu ujao. Kama bei iko juu au chini, kama mgawanyo hauko sawa, mutuandikie kupitia mwandishi wa koperative yenu. Lakini mbele ya kuzungumza juu ya feza, anzeni na panga. Hiyo haingoji mkutano.