Bustani ya Nyumbani: Usichome Majani ya Shamba

Mavuno yakiisha wengi hukusanya mabua na majani makavu, wakayatia moto. Shamba laonekana safi. Lakini fikiri. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 tu hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mchicha wako hunyweshwa kwa ndoo, na ndoo hiyo huchukuliwa kichwani na mkeo au binti yako. Majani yaliyooza ndiyo yashikayo maji katika udongo. Basi achomaye majani huwaongezea hao safari za kisimani.

Jaribu mwenyewe. Twaa makopo mawili, uyatoboe chini sawasawa. La kwanza tia udongo mtupu wa kichanga. La pili tia udongo ule ule uliochanganywa nusu kwa nusu na samadi iliyooza. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. La kwanza litavuja zaidi, na udongo wake utakauka mapema.

Sasa fanya hivyo bustanini. Chimba tuta, uchanganye debe moja la samadi iliyooza kwa kila hatua moja ya mraba. Usitie samadi mbichi, itaunguza mizizi. Ukiisha kupandikiza, funika udongo kwa majani makavu yasiyo na mbegu, unene wa vidole vitatu, ili jua lisiupige. Yasiguse shina, lisije likaoza au kuliwa na mchwa.

Jambo hili si geni kwetu. Wamatengo wa Mbinga tangu zamani hulima milimani kwa ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa safu zinazokatana kama miraba, kisha huyafunika kwa udongo uchimbwao katikati. Majani huoza na kuulisha udongo, na mashimo huzuia maji ya mvua yasiteremke bure.

Kumbuka kwamba samadi na majani huliwa na udongo kama sisi tulavyo chakula. Ongeza kila mwaka. Mabua yakate vipande, uyarundike pamoja na samadi kivulini, uyanyunyizie maji kidogo na kuyageuza mara kwa mara mpaka yaoze. Mmea wenye ugonjwa tu ndio uchomwe. Mengine yote ni mali ya bustani, na kiberiti kikae jikoni.